Masikio ya Mbwa wa Mama

Mimi ni mbishi, na najijua. Marehemu baba alikuwa akisema nikianza ubishi hata mbuzi huhama zizi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Jambo hili halikunitokea kwa bahati mbaya. Nililitaka, nikalipigania, nikashinda.

Kazi yangu ni kulinda nyumba ya mzungu mmoja Diani. Mle uani mna mbwa wawili weusi, masikio yao yamekatwa yakachongoka, na mpita njia akiwaona huvuka barabara mwenyewe bila kuambiwa. Niliwahusudu mbwa wale. Nyumbani kwetu ni ndani huko Kinango, na mama yangu anaishi pale peke yake na mbuzi wake. Mwaka ule wezi wa mbuzi walikuwa wamewapitia majirani mara mbili. Mlinzi wa mama alikuwa mbwa koko mmoja wa rangi ya vumbi, hata mwaka hajatimiza, mwenye masikio makubwa yasiyotulia. Hili likigeuka huku, lile lageuka kule. Nilimtazama nikaona aibu. Mwizi gani atamwogopa mbwa mwenye sura ya kuuliza maswali?

"Mama," nikamwambia, "huyu tumkate masikio."

Alikuwa akinitazama usoni, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo. "Ng'o!" akasema.

Nikamweleza. Wazee wetu waliokuwa wakiwinda waliwakata mbwa wao masikio ili yasiraruliwe na miiba, adui asipate pa kung'ata na kupe wasipate pa kujificha. Akasema nzi watamla kidonda. Nikasema dawa ipo. Akasema Mungu aliyempa masikio si mjinga. Nikamwuliza, "Na hao mbuzi wako uliowachanja alama masikioni, Mungu aliwaumba na alama?" 

"Sikio halizidi kichwa, mwanangu," akasema. "Mbwa ni wangu." Akaenda zake kufunga zizi.

Niliporudi kazini nikalipeleka shauri kwa mpishi wetu, mtu wa Gazi, ambaye mbwa hamgusi hata kwa ncha ya kiatu. Nilidhani huyu lazima ataniunga mkono.

"Astaghfirullah!" akasema. "Mimi na mbwa mbalimbali, lakini kumkata mnyama masikio ni kuliharibu umbo alilopewa na Mwenyezi Mungu. Tena mwenye mbwa ni mamako. Yeye amesemaje?"

"Ana sababu za kitoto tu. Mara nzi, mara sijui nini."

"Basi kamwulize tena," akasema, akaendelea kukuna nazi yake.

Sikumwuliza. Ningeuliza nini, nami jibu ninalo?

Na dalili zilikuwepo, lo, zilikuwepo tele! Simu za mama zilikuwa vituko. Nikimwuliza kama mvua imenyesha, ananijibu mbuzi hawajambo. Nikimwuliza kama amekula, anasema salamu zimefika. Mimi na dada yangu aliyeko Mombasa tulikuwa tukicheka, tukisema mama simu haijamkubali. Betri za redio nilizompelekea zilikaa ndani ya karatasi yake mwezi baada ya mwezi. Lakini kila mwisho wa mwezi nikienda nyumbani, hata kabla sijapiga hodi, nakuta sufuria ya chai imeshawekwa motoni. Haikukosa hata siku moja. Nilikuwa nikijigamba kwa mpishi kwamba huo ndio moyo wa mzazi, unajua mwana yuko njiani.

Mwezi uliofuata nilikwenda na mjomba, kaka yake mama, ambaye kazi hiyo anaijua. Mama alikuwa amekwenda bwawani kuteka maji, na kwa ukame ule safari ya bwawani humaliza asubuhi nzima. Ndiyo, tulimvizia. Mimi nilimkumbatia mbwa nikamfunga mdomo kwa kitambaa, mjomba akakata. Alikata chini kabisa, karibu na fuvu, akasema ukiacha kipande unaacha woga. Akapaka majivu. Kisha akavichoma vile vipande juu ya makaa, nikamfungua mbwa mdomo nikamlisha, maana ndivyo afanyiwavyo ili awe mkali. Mbwa akala. Alikula kutoka mkononi mwangu, akitikisa mkia, na damu ingali inamtiririka shingoni.

Mama akarudi na dumu la maji kichwani. Nilingoja matusi, na majibu yangu nilikuwa nimeshayapanga. Hakutukana. Alilitua dumu, akaketi pale pale kwenye vumbi, akamshika mbwa kichwa kwa mikono miwili akalia. Niliona haya, na kwa vile mimi ndivyo nilivyo, haya zangu zikageuka hasira. "Mama, huyu ni mbwa tu!" nikapiga kelele. Hakunijibu. Wala hakuinua uso.

Mwezi wa pili yake nikafika saa za mchana. Vidonda vilikuwa vimepona vizuri. Mbwa alinipokea njiani, mkali kwa wengine lakini kwangu mimi mpole vilevile, tukaingia uani pamoja. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde, amenipa mgongo. Mbwa akaenda kusimama mbele yake, akageuka kunitazama.

"Hodi!"

Kimya. Jikoni hakuna moshi. Nikajua bado amenuna.

"Hodi, mama. Shikamoo."

Kimya. Nami hasira zikanipanda, maana nimetoka Diani tangu alfajiri, na salamu ya Mungu hainyimwi mtu. Nikamfikia nikamshika bega.

Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake. Akaanguka kutoka kigodani, ungo ukapinduka, kunde zikatawanyika uani. Akaniona ni mimi. Lakini aliyemgombeza si mimi, alikuwa mbwa. "Wewe nawe! Si ungeniambia? Ah, utaniambiaje tena?"

Nikapiga magoti nimsaidie kuokota kunde. Kisha, sijui nani aliniambia nifanye vile, nikasimama, nikamgeuzia mgongo, nikasema kwa sauti ya kawaida: "Mama, jikoni kunaungua." Nikageuka kumtazama. Alikuwa akiendelea kuokota, moja moja, akizipuliza vumbi.

Nilimzunguka nikachuchumaa anionapo midomo. "Tangu lini?"

Akaangalia kunde zake. "Tangu mwaka ule alipokufa baba yenu. Kidogo kidogo, mpaka masikio yakazibika."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, mnichukue? Dada yako aniweke chumba kimoja Mombasa nitazame ukuta? Mbuzi wangu nimwachie nani?" Akamwonyesha mbwa kwa kidevu. "Nilikuwa naye. Likigeuka sikio moja, mbuzi wametoka zizini. Yakisimama yote mawili, kuna mgeni njiani, nami nakaa tayari mlangoni. Nilikuwa naishi vizuri, mwanangu."

 Mimi mbishi nikalia. Yeye ndiye aliyenihurumia, akanifuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Na wewe ukija," akasema, "yalikuwa yakilala nyuma kabisa, hivi. Kwa mtu mwingine hayalali. Basi nabandika chai."

Siku ile chai nilichemsha mwenyewe.

Dada sijamwambia. Huenda ninakosea, na likimpata mama jambo, lawama itakuwa yangu tena. Lakini safari hii nimemwuliza mwenyewe anachotaka, nikakifuata. Nilimtafutia mtoto wa mbwa huko Ramisi, kwa wakata miwa, mwenye masikio kama majani ya mnazi mchanga. Mjomba alipomwona akauliza kama alete kisu. Nilimwambia maneno ambayo mjomba haambiwi, nikamwomba radhi baadaye. Mtoto huyo bado anajifunza. Anawageuzia masikio vipepeo na kuku, na mama anamtazama kutwa nzima akingoja siku atakaposema kitu cha maana.

Mimi sasa nikifika simwendei kwa nyuma. Nauzunguka ua, nasimama mbele anionapo, nangoja ainue macho.

Yule mkubwa bado hunipokea njiani. Huja mbio, akanisugulia kichwa magotini, na vile vibaki viwili vilivyoachwa na kisu cha mjomba huanza kutikisika vikijaribu kulala nyuma. Navipapasa kwa kidole. Mimi naviona kwa sababu nimemwinamia. Mama, pale kigodani alipoketi, hawezi kuviona.