Nilivyofaulu hatimkato baada ya kumwona mtangazaji niliyemhusudu akikwama na kahawa mdomoni

Wakuu, habari za leo. Wadogo zangu marahaba, wa rika langu tupeane mkono.

Juzi nimesoma humu uzi wa kijana aliyefeli mtihani wa bodi mara mbili. Anataka kuacha, kwa sababu role model wake "hajawahi kukosea". Nikacheka peke yangu, maana nilishakuwa huyo kijana. Nayaandika kama yalivyotokea, hata yanayoniaibisha.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Kila mtu ofisini ni "ndugu", na mimi nilikuwa mpiga chapa Bukoba mjini, nimepanga chumba Kashai. Kwetu ni Nyanga.

Ili niwe katibu muhtasi kamili nilitakiwa kufaulu mtihani wa hatimkato, ile shorthand. Mtu anasoma kwa kasi, wewe unaandika kwa alama, mistari na vidoti, halafu unavigeuza kuwa barua safi. Chuo sikupata. Nilinunua kitabu kilichokwisha jalada, nikajifundisha.

Nikafeli mara mbili.

Sababu naijua. Nikiandika alama ikatoka mbaya, naifuta kwa kifutio. Nikiinua kichwa, msomaji yuko mbele sentensi tatu. Naharakisha, nakosea, nafuta tena.

Bosi wangu, mtu mpole, akaniita. "Ndugu, nakupenda, lakini barua zinalala. Ukikosa na safari hii, nitaomba niletewe mwingine."

Na mama alikuwa ameshakitangazia kigango kizima cha kanisa letu kwamba mwanawe ni mtu wa ofisini.

Sasa nije kwa celebrity wangu. Alikuwa mtangazaji wa redio. Sikuwahi kuona hata picha yake, ila sauti yake ilikuwa kama shati lililopigwa pasi. Kila mchana nilikaa mlangoni kwa jirani mwenye redio, naandika taarifa ya habari kwa hatimkato. Sikuwahi kumsikia akikosea hata silabi, na niliamini mtu wa namna ile ndiye anayestahili kufaulu mambo.

Nikaanza kumuiga. Mtu mmoja alisema jamaa huvaa tai hata akisoma redioni ambako hakuna anayemwona, nami nikanunua tai. Nikienda Nyanga nasema kwa ile sauti: "Mama, naomba chumvi."

Dada yangu Koku hakunihurumia, akamgeukia mama, ambaye kwa Kihaya tunamwita Mawe. "Mawe, mpe chumvi upesi, kabla hajaingia kwenye habari za michezo!"

Wiki chache kabla ya mtihani wangu wa tatu, zikaja habari kwamba mtangazaji anakuja kijiji kimoja cha ujamaa huko Muleba kurekodi kipindi cha wakulima. Bosi alialikwa. Nilimbembeleza hadi akakubali niende kuandika yatakayosemwa. Nikapanda nyuma ya gari la ofisi na tai yangu, vumbi lote likawa langu.

Wakuu, nilitegemea jitu. Akashuka mtu mfupi, kavaa sweta, anapenga kamasi kwa sababu ya mafua.

Wenyeji wakamkalisha mbele ya ghala la kijiji. Kwetu mgeni huletewa kwanza kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Unachukua moja au mbili kwa adabu, unatafuna taratibu huku mnaulizana habari. Mzee wa kijiji akamsogezea kikapu, akamwita kwa neno letu la heshima. "Waitu, karibu utafune."

Mgeni wetu hakujua desturi. Alichota konzi nzima, akaijaza mdomoni.

Wakati huohuo fundi mitambo akamwonyesha ishara kwamba mashine inazunguka.

"Ndugu wasikilizaji, leo tuko..." Kho! Kho! Jina la kijiji likatoka limevunjika vipande. Akina mama wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke kwa niaba yake.

Yeye akacheka pia. "Samahani, ndugu wasikilizaji, wenyeji wamenikarimu kuliko uwezo wa mdomo wangu." Akasogeza kahawa shavuni, akaendelea.

Nikatazama daftari langu. Kalamu ilikuwa imesimama palepale alipokohoa. Nilikuwa nasubiri aanze upya! Yeye ameshafika kwenye mbolea ya samadi, mimi bado niko kwenye kikohozi.

Aliyekosea alimaliza kazi yake. Mimi ambaye sikukosea kitu nilibaki na ukurasa mtupu.

Baadaye nikajikaza nikamfuata. "Mzee, pale mwanzo mtarudia?"

"Pale wapi?"

"Pale... ulipokwama."

"Kwani hukunielewa?"

"Nilielewa."

"Sasa kijana unataka kunichosha kwa nini? Hebu niambie, haya maganda yanamezwa au yanatemwa?"

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Niliporudi nilimpa jirani kifutio changu. Nikamwomba Koku anisomee magazeti ya zamani, na yeye kwa uchokozi wake akawa anakohoa kusudi, anaruka mstari, anapiga chafya, halafu anasonga mbele bila kunisubiri. Mwanzoni niligombana naye. Baada ya siku kadhaa nikawa naacha pengo na kumfuata.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha ile ya Bukoba, juu ya bati, katikati ya imla. Neno likapotea. Dada wa pembeni yangu akanyoosha mkono kuomba lirudiwe. Halikurudiwa. Mkono wangu ukatafuta kifutio mezani, haukukikuta. Nikaacha pengo, nikasonga. Nikaacha mengine mawili. Wakati wa kupiga chapa niliyajaza kwa kufuata maana.

Majibu yalikuja ofisini. Bosi akaifungua bahasha mbele yangu. "Umefaulu."

Alama zenyewe zilikuwa za kawaida. Nakiri mbele yenu, nilisimama pale nikiwaza nilijaza nini kwenye yale mapengo matatu.

"Mbona umenuna?"

"Nadhani lile neno la pili, mkuu..."

"Ndugu, vuta kiti. Nina barua sita."

Akaanza kuisoma ya kwanza kabla sijakaa. Nikaandika nimesimama.

Kijana mwenye ule uzi, mtu unayemhusudu unamsikia akiwa tayari amevaa tai, humwoni akikwama na kahawa. Mhusudu tu, hakuna ubaya, ila usimfanye kipimo cha mkono wako unaokosea. Rudi kwenye chumba cha mtihani. Ukikwama swali, acha nafasi, nenda linalofuata.

Nanyi wengine, nani alikufanya ujione hufai, na ulimshtukia lini? Mwageni yenu hapa chini, nina muda wa kusoma. Na kama kuna aliyesomea hatimkato enzi zile, ajitokeze tukumbushane.