Mwenyekiti alipiga reli kabla ya saa sita: njiwa wengi walipona, ng'ombe wangu hakupona

Wakuu, hamjambo. Nianze na gharama: ng'ombe mmoja wa grade, wa maziwa, ndama aliyekuwa tumboni, na urafiki wangu na mwenyekiti. Nimepiga hesabu mara mbili, haipungui. Haya niliyaona kwa macho, na mke wangu yuko hapa kando ananisahihisha.

Mapema miaka ya sabini, sisi members wa ushirika tulichanga tukanunua shamba la mzungu upande wa Chepkoilel. Ngano, trekta bovu, na kipande cha reli kimening'inizwa mtini karibu na stoo.

Mzungu alikuwa akiipiga hiyo reli siku ya kufungua season ya kuwinda njiwa, ndipo bunduki zianze. Sisi tukaigeuza ya kuita members mkutanoni.

Baada ya mavuno yetu ya kwanza, wawindaji wa mjini wakaja kuomba waendelee kama zamani. Walitaka kuanza alfajiri. Nikawaambia asubuhi akina mama wanaokota masuke yaliyobaki, na ng'ombe wanakula mabua.

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Tukapatana: saa sita mchana hadi jua litue. Mwenyekiti alikuwa ameketi hapo hapo, akasema sawa.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi wawindaji wako kando ya ua, wanakunywa kahawa, wanangoja. Akina mama wako katikati ya shamba, mke wangu akiwemo.

Mwenyekiti akakumbuka ana jambo la kuwaambia members. Akaenda akapiga reli.

Wakuu, bunduki zote zililia pamoja.

Akina mama wakalala chini. Mke wangu alilalia kikapu chake, na anasema hakupoteza hata suke moja. Ng'ombe wangu alikimbia ovyo, akaanguka mtaroni, mguu wa mbele ukavunjika. Alikuwa amebakisha mwezi mmoja azae. Watoto wangu walikuwa wanangoja hayo maziwa kuliko Krismasi.

Tulimchinja kabla ya chakula cha mchana.

Mwindaji mmoja mwenye kofia pana akanijia ameshika njiwa saba. "Pole sana, bwana. Chukua hawa."

"Wapime kwanza," nikamwambia. "Wakifika kilo mia nne, uniite."

Nikamwendea mwenyekiti. "Hukujua wanangoja reli?"

"Reli ni ya members. Sisi ndio wenye shamba sasa. Nikiita mkutano nimwombe nani ruhusa?"

"Ulikuwepo tukipatana saa sita."

"Saa sita ni ya bunduki. Mkutano hauna saa."

Na mkutano ulifanyika, wakuu. Agenda ilikuwa rangi ya lango.

Yule wa kofia angalau alileta ndege. Mwenyekiti hajawahi kusema pole mpaka leo.

Somo: ukinunua shamba, uliza kila kitu kinachoning'inia kilikuwa kinafanya kazi gani. Uliza watu wote wakisikia.

Sasa mwenyekiti amezeeka sana, na wanawe wanamfanyia ibada ya shukrani Jumapili. Wamenipigia simu nisimame niseme vile baba yao alituongoza kwa busara.

Pesa sitaki. Nataka pole moja, akiwa bado na sauti. Nikimwomba hapo mbele ya wajukuu wake, nitakuwa nimekosa adabu? Nishaurini mapema. Mke wangu ameshapiga suti pasi, na amekataa kuniambia yuko upande gani.