Jina la Ngoma Nililolitafuta Njiani

Tuliisikia ngoma tukiwa tumepita Lusangi, mimi na rafiki yangu wa shule, tunarudi nyumbani vakansi, shule imefungwa. Ilikuwa ile ngoma yetu ya mti uliochimbwa ndani, isiyo na ngozi. Mapigo ya kwanza hata mutoto anayajua: kuna mutu amekufa. Yanayofuata ndiyo jina lake. Kwetu kila mutu mzima iko na jina la ngoma, maneno machache tu, na hili nililijua. Ni la nyumbani kwetu. Lakini la nani? Lilikuja bila uso.

Wanawake wakapita na vikapu vya mihogo. Kuwauliza nikaona haya. Mutu gani anaulizaka jina la nyumba yake?

Rafiki yangu ni wa Waislamu wa Kasongo mjini, hajui maana ya ngoma zetu. Akanitania: "Wewe unayemtajia padri shuleni mito yote ya Kongo ya Wabeleji, ngoma ya kwenu inakushinda?"

Nilimfikiria mama, nikamfikiria baba. Kadiri nilivyolazimisha, jina lilizidi kujificha. Aliponitazama usoni akaacha utani.

"Basi anza mwanzo, ndugu. Hata mito, padri akikukatiza katikati, unarudiaka chanzoni."

Ni kweli. Majina hayo baba alinifundisha nikiwa mudogo, akinipigia pajani kwa vidole, mutu baada ya mutu, kila siku kwa mpango uleule. Jina moja peke yake sikufundishwa kamwe. Nikakaa kando ya njia, nikaanza kujipiga paja. Babu. Si yeye. Baba, "asiyefunga mlango". Si yeye. Nikashusha pumzi, halafu nikaona vibaya, maana lazima awe mwingine. Mama. Si yeye. Vidole vikaendelea vyenyewe, vikaitangulia akili, na ngoma kule mbele ikapiga pamoja navyo, pigo kwa pigo: "mwenye miguu ya umande".

Baba mudogo. Yeye ndiye aliyenisindikiza shuleni mara ya kwanza, sanduku langu kichwani mwake, akipiga mluzi njia nzima.

Rafiki yangu akauliza kama nimelipata. Nikasema bado.

Tukaendelea kutembea. Akaniambia nisikate tamaa, nijaribu tena polepole, yeye atanyamaza. Nikaweka vidole pajani, nikaanza tena kwa babu, polepole, nisimfikie baba mudogo upesi.