Nilivyowalimia kuku ngolo kwa wivu, mama mkwe akahamia kwa jirani

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimezipokea kwa pamoja, maana sidhani humu yupo aliyenizidi umri. Mjukuu kaniwekea bando, nami nalitumia kujianika. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Nimeona vijana mnabishana kuhusu deep litter, kuku kukaa juu ya matandazo makavu miezi na miezi bila kufagiliwa. Mnadhani jambo jipya. Mimi liliniumbua enzi za Mwingereza, huko kwetu Mkumbi, milimani.

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi. Wenzangu wakaenda kutafuta vyeo, mimi nikarudi kukaa nyumbani na mke wangu, mtoto wetu Anna na kuku kumi na wawili. Banda nililifagia kila asubuhi kabla sijanawa uso. Kijiji kizima kilinicheka, nami nikaendelea kufagia.

Jirani yangu Kosmasi, aliyenizidi miaka kama kumi, aliishi peke yake. Banda lake halikujua ufagio. Alitupia mabua makavu na maganda ya kahawa, kuku wakachakura, basi. Na halinuki!

Kila mwaka alichota humo mbolea nyeusi, laini kama ugoro, akaipeleka kwenye maboga.

Mke wangu akaanza. Asubuhi maboga ya Kosmasi, jioni maboga ya Kosmasi. Wakuu, nilimwonea wivu yule mtu mpaka jogoo wake akiwika nahisi ananisimanga.

Ikaja habari kwamba mama mkwe anapanda kutoka Lituhi, kule ziwani, kumwona Anna. Nikaapa atakuta banda langu limelipita la Kosmasi.

Kumwuliza anafanyaje? Bora nife. Nikachungulia uani kwake kupitia uzio wa matete, nikaona majani tabaka juu ya tabaka. Nikajiambia, kumbe ni ngolo tu.

Kwa wasiojua: sisi Wamatengo tunafyeka majani, tunayapanga miraba mlimani, tunayafukia kwa udongo. Yanaoza humo chini, mahindi yanastawi.

Basi nikafyeka majani mabichi, nikayapanga miraba ndani ya banda, nikafukia vizuri, nikawafungia kuku juu yake. Mvua nazo zikaanza.

Siku ya tano banda likatoa mvuke. Kuku wakakohoa, macho yakawavimba. Wawili wakafa, na mmoja alikuwa mtagaji wetu bora.

Siku hiyohiyo mama mkwe akaingia na kikapu cha usipa wakavu kichwani. Mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye harufu ya samaki! Nikamwamkia kwa adabu zote. Akaitikia, akakaa kidogo, kisha akabeba kigoda chake kimyakimya, akaenda kukaa uani kwa Kosmasi.

"Baba Anna," mke wangu akasema, "mama amehama."

Kosmasi akaja kuangalia. Akainama, akafukua kwa mkono, akaona miraba yangu.

"Mdogo wangu, kuku umewalimia ngolo?"

Mama mkwe hapaswi kumcheka mkwewe mbele ya watu. Alijifunika kanga usoni, lakini mabega yalimsaliti.

Tulitoa uozo wote, mimi na Kosmasi, tukaurundika nyuma ya jiko tukichanganya na mabua, tuwe tunaugeuza mpaka upoe. Bandani akamwaga maganda yake makavu, magunia matatu. Kuku kumi waliobaki walipona.

Tukiwa kazini nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza siri yake.

"Siri gani? Aliyekuwa akifagia ni marehemu mke wangu. Nikiushika ule ufagio nashindwa. Nikawa natupia mabua juu."

Nikageuka kuangalia kwake. Na ule uzio wa matete kati yetu haukuzuia sauti. Kelele zetu zote za maboga alikuwa anazisikia, peke yake huko.

Funzo, wakuu: tandika vikavu, vibichi viache nje. Banda likinuka, ongeza vikavu na ugeuze. Na usiyejua, uliza, hata kama unayemwuliza unamwonea wivu.

Mwaka uliofuata rundo la nyuma ya jiko lilitoa maboga yangu mwenyewe. Mke wangu akachagua kubwa kuliko yote, akasema hili la Kosmasi.

Wivu ulinichoma kidogo, sitawadanganya. Lakini nililibeba mwenyewe.

Haya, nichekeni. Mkimaliza, semeni na nyie jirani gani mnamchungulia badala ya kumbishia hodi.