Kisu cha Mtu Aliye Hai

Nilimuua mama yangu kwa neno moja, Jumamosi asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la ndoo na misumari mjini Machakos. Mama mwenyewe wakati huo alikuwa kwake Ndithini akipalilia ndengu, mzima wa afya, hana habari.

Niseme kwanza ugonjwa wangu. Mimi hukusanya visu vya kukunja, vile vya zamani vya mfukoni. Ninavyo kumi na tisa. Kazi yangu ni kukata vitambaa katika kiwanda cha nguo za kuuzwa nje, huko EPZ, na wenzangu hunitania kwamba ndiyo maana sijaolewa tena: nani atalala nyumba moja na mwanamke mwenye visu kumi na tisa? Wacheke tu. Hawajui raha yake. Chuma cha kisu cha zamani hugeuka cheusi lakini hakichoki. Mpini wa pembe hulainika kwa jasho la mwenyewe. Ukikikunja, springi inakivuta yenyewe mwishoni, kinaingia mahali pake, tak! Hivi vya siku hizi vinang'aa siku ya kununuliwa, na baada ya miezi michache vinacheza kama jino la mtoto.

Sisi watu wa visu hapa mjini ni wachache na tunajuana. Mkubwa wetu ni mwenye duka hilo nililotaja, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, yeye akazaliwa hapa hapa. Nyuma ya kaunta ana sanduku la kioo la visu vyake bora. Hatuuziani, tunabadilishana, na tuna desturi mbili. Ya kwanza, mkikubaliana, kila mmoja anakikunja kisu alichopewa mbele ya mwenzake, na mkishavikunja hakuna kurudi kesho ukilia. Ya pili, kisu ambacho mwenyewe yuko hai hakipokelewi mpaka mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba amekitoa. Hiyo tuliiweka baada ya watu wazima na akili zao kuanza kuleta visu vya baba zao, wazee wakibaki nyumbani kupekua mifuko ya makoti.

Mama yangu husuka vyondo, vile vikapu vya katani. Kwa kisu chake amekata nyuzi za katani tangu kabla sijazaliwa, bapa limelika likawa jembamba kama jani la mtama, na ubavuni mwa mpini kidole gumba chake kimechimba kibonde. Alinipa nikinolee mjini, kwa sababu fundi wa kule kwao, alisema, ananoa kama mtu anayechimba choo. Nimrudishie wiki iliyofuata. Mimi kwa majivuno nikapita dukani kwanza, kukionyesha tu.

Mwenye duka alikigeuza mara tatu. Kisha akaweka kidole gumba chake ndani ya kibonde kile.

"Dada, hiki hukipati popote," alisema. "Wembamba huu na kibonde hiki, mashine gani itavitengeneza? Mkono wa mtu mmoja, miaka yote hiyo, na chuma bado kimesimama."

Akafungua sanduku, akatoa kisu chake cha mabapa matatu, mpini wa pembe nyeusi. Nilikuwa nimekitamani kisu hicho miaka minne. Akakiweka mbele yangu, akauliza kama desturi inavyotaka: "Na mwenyewe yupo?"

"Ni cha marehemu mama," nikasema. "Alikuwa akisuka vyondo kule Ndithini."

Ningependa kudai kwamba nilijikwaa ulimi. Sikujikwaa. Nilikuwa nakitazama kile cha mabapa matatu na nilijua kabisa ninachosema. Mwenye duka akainua mikono, akamwombea mama dua fupi, nami nikaitikia amina. Kisha tukavikunja.

Simu zikaanza. "Huyo fundi anakinoa au anakifua upya?" mama aliuliza wiki ya kwanza. Nikasema foleni ni ndefu. Wiki ya pili nikasema fundi amefiwa. Tazama mdomo wangu, tayari umeua mmoja na bado unatafuta wengine! Mama alikuwa ameagizwa vyondo na akina mama wa kanisani, na bila kisu chake alikuwa akikata nyuzi kwa meno. Wiki ya tatu hakuuliza tena. Mama yangu akiuliza huna shida. Akinyamaza, jiandae.

Jumamosi moja saa tatu asubuhi nikafungua mlango nikamkuta amesimama, leso kichwani, viatu vya kanisani miguuni. Alikataa chai.

"Nipeleke kwa fundi," akasema kwa Kikamba.

Nilimzungusha mji mara mbili. Kila tulipomfikia mtu mwenye jiwe la kunolea, nilikaza mwendo. "Ni huyu?" Si huyu. "Ni yule?" Yule ni wa majembe. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba ndani ya vile viatu, nami niliona na nikaendelea kumtembeza. Karibu na soko akasimama, akanishika mkono.

"Kama umekipoteza, sema. Kisu hupotea. Hata mimi nimewahi kupoteza mbuzi wa watu."

Hapo angenisamehe, na nilijua angenisamehe. Lakini sikuwa nimekipoteza. Nilijua kilipo, mpaka rafu ya ngapi. Nikasema, "Twende, nimekumbuka," nikaelekea dukani nikiomba mwenye duka awe ametoka. Mpango wangu ulikuwa mama akae barazani kivulini, mimi niingie haraka, nimpigie yule bwana magoti ikibidi, nitoke na kisu. Nikamwambia aningoje nje. Nilipofika kwenye kaunta nikageuka, yuko nyuma yangu.

Mwenye duka alikuwa akimpimia mteja misumari. Akatabasamu.

"Dada, karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamtazama mama, akanitazama mimi. Tunafanana mno, paji la uso ni moja. "Huyu bila shaka ni mama mkubwa," akasema.

Neno moja tu lilihitajika, ndiyo, na siku ingepita. Nakiri nilifungua mdomo kulisema.

"Mama mkubwa ya nani?" mama akasema. "Mimi ndio mama yake. Nilimzaa mimi mwenyewe."

Mkono wa mwenye duka ukasimama juu ya mizani. Mteja akauliza kama misumari yake imetosha. Mama alikuwa ameshaona sanduku la kioo. Alisogea, akainama, na nikaona amekitambua kisu chake kabla hajakifikia. Chini yake palikuwa na kikaratasi. Mama alijifunza kusoma ngumbaru, akiwa mtu mzima na watoto wanne, na mpaka leo husoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

"Cha ma-re-he-mu ma-ma," alisoma, kidole juu ya kioo. "M-su-ka-ji wa vyo-ndo. Ndi-thi-ni."

Akarudia tena toka mwanzo, upesi zaidi. Kisha akanigeukia, na hakutumia Kikamba. Alitaka duka zima lisikie.

"Mimi nilikufa lini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na natumaini sitaiona.

Mwenye duka alifungua sanduku, akakitoa kisu kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kaunta. "Mama, nisamehe. Mimi niliambiwa hivyo. Nilikuombea hapa dukani, na nyumbani Ijumaa tukakuombea tena na mke wangu. Hiki ni chako, kichukue." Nami nikatoa kile cha mabapa matatu kwenye mkoba, nikakiweka kando yake. Akakirudisha upande wangu bila kunitazama. "Hicho ni chako. Tulivikunja."

Mama alikichukua kisu chake. Alikifungua, akaweka kidole gumba mahali pake. Kisha akakikunja na kukisukuma kwa mwenye duka.

"Kaa nacho."

"Mama, siwezi..."

"Wewe hunijui na uliniombea kwa Mungu. Huyu wangu alinipeana tu."

Akatoka. Nilimfuata barazani, nikaongea maneno mengi ambayo siyakumbuki. Kwenye kibanda cha kwanza akanunua wembe, akaufunga kwenye pembe ya leso yake, akasema anarudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Hakukubali nimsindikize.

Tangu hapo sijakanyaga duka lile. Mwezi uliopita nilipata likizo nikaenda Ndithini. Nilimkuta mama amekaa mkekani mlangoni na kiondo mapajani, anakata nyuzi kwa wembe aliouviringisha kitambaa upande mmoja. Kidole gumba chake kilikuwa na mikato, mingine mibichi. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za kazi. Nikaona niseme sasa au nisiseme kabisa. Nikatoa kile cha mabapa matatu, nikamwekea mbele yake.

"Mama, hiki ni chako. Ni imara kuliko kile, chuma chake hakijaguswa na kutu. Utakitumia mpaka uchoke."

Alikipokea. Alifungua bapa la kwanza, la pili, la tatu. Akajaribu uzi, ukakatika kwa mguso mmoja tu, na nikaona uso wake umelegea, nikadhani tumepona.

"Kizuri," akasema. "Mwenyewe yuko hai?"

Nilikijua kisu hicho kuliko ninavyojua viganja vyangu. Nilijua pembe yake, shaba yake, hesabu ya misumari midogo kwenye mpini. Lakini kabla ya mwenye duka kilikuwa cha nani, na kama yuko hai, sikuwahi kumuuliza mtu.

"Sijui, mama," nikasema.

Akayakunja mabapa yote matatu, moja moja, akakiweka mkekani upande wangu, akachukua wembe wake.