Vinkubala Tulivyopewa Kulea

Juzi binti yangu alirudi kutoka materneli, yaani chekechea, na karatasi yenye kipepeo kilichochapwa na mashine. Kazi yake ilikuwa kukitia rangi bila kutoka nje ya mstari, naye alikitia vizuri hata ungedhani ni fundi wa kupaka magari. Nikamuuliza, "Hii kipepeo inatokaka wapi?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mzee.

"Ku fotokopi, papa."

Nilicheka, rafiki yangu, nilicheka mpaka majirani wakadhani nimepata kazi. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka Madamu.

Madamu alikuwa mwalimu wetu wa materneli, pale Shituru, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha shaba. Darasa lilikuwa na ubao, lakini ubao ule ulipumzika kuliko ubao wowote wa Katanga nzima. Sisi tulisomea uani. Herufi O tuliichora kwa kidole kwenye mchanga uliolowa. Kuhesabu tulijifunza kwa mawe: yale ya kijani, yenye shaba, ambayo kwetu yalizagaa njiani bila mwenyewe, tuliyaweka huku, meusi kule. Tulifumba macho tukanusa majani, hili la mpera, hili la limau, na aliyekosea alinusa tena. "Gusa kwanza, halafu utaniambia," alipenda kusema. Mahindi tuliyapanda ndani ya makopo ya nyanya, na nakuapia langu lilinipita urefu. Sawa, nilikuwa mfupi. Lakini lilinipita.

Baba zetu hawakuyapenda mambo hayo. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na walitaka mtoto arudi nyumbani akisema Kifaransa, si akiwa na tope mpaka masikioni. Siku ya kikao cha wazazi, baba mmoja, fundi wa umeme kiwandani, alisimama kulalamikia bulongo, yaani udongo.

"Madamu, mutoto yangu hakuyaka huku kuchezea bulongo. Bulongo iko mingi kwetu ku nyumba!"

"Wa kwangu tukimuambia bonjour, anatuonyesha muzizi!" mama mmoja akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Direktrisi, mkuu wa shule, hakucheka. Alimwambia Madamu mbele ya wote kwamba mwisho wa muhula aonyeshe kitu kimoja ambacho watoto wamejifunza uani na ambacho ubao usingeweza kuwafundisha. Akishindwa, wote tunaingia ndani, na mwalimu asiyependa kuta atafute shule nyingine.

"Nitabaonyesha namna kinkubala inageukaka," Madamu akajibu.

Sasa, kwa asiyejua, vinkubala ni viwavi wanono wa msituni, na huku kwetu ni mboga ya heshima. Ukivikaanga kwa chumvi na pilipili, ukaviweka kando ya bukari, yaani ugali wetu, hata mgonjwa anaketi kitandani. Madamu alivileta vikiwa hai, juu ya matawi, kutoka msitu wa upande wa Kamatanda. Tuliviweka ndani ya sanduku, tukaviletea majani kila asubuhi. Ukitega sikio ulivisikia vikitafuna. Tulivijua kimoja kimoja, na kila mtoto alikuwa na vyake alivyovipa majina ya wajomba wake.

Ijumaa moja siafu walivamia uani. Madamu akaona hatari, akagawa vinkubala ndani ya makopo, kila mtoto na vyake na majani yake. "Muvichunge vizuri," akatuambia. "Jumatatu muvirudishe vizima."

Nyumbani bibi yangu, kaku kama tunavyomwita, alifunua kopo, uso wake ukang'aa.

"Eh! Huyu mwalimu iko na roho nzuri!"

"Kaku, ni ya kuchunga."

"Kuchunga? Kinkubala iko mbuzi?"

"Madamu alisema itageuka kipepeo."

"Ku hii nyumba, mujukulu wangu, kinkubala inageukaka mboga."

Nililia kwa uchungu wote wa dunia. Kisha nikaomba nyongeza.

Jumatatu tulipanga mstari na makopo yetu. Hakuna lililorudi tupu, maana kwa mama zetu chombo cha mtu hakirudi bila kitu ndani. Madamu alifunua la kwanza: karanga. La pili: viazi vitamu. La tatu: donge la bukari lililofungwa kwa jani, na salamu za mama, akiomba wiki ijayo vije vingi zaidi. Madamu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe, kitenge chake. Aliendelea kuyafuta muda mrefu.

Kopo la mwisho lilikuwa la binti wa jirani yetu aliyefanya kazi ya reli. Ndani yake vinkubala vitatu vilikuwa vinatembea.

"Papa aliviomba, minye nikakatala," alisema. "Nililalia kopo."

Vitatu vile ndivyo vilivyobaki vya kuokoa darasa letu. Tukavilisha kama wafalme. Siku moja vikaacha kula, vikashuka, vikachimba na kuzama kwenye pembe ya uani. Madamu akatueleza kwamba aina hii haijengi juu ya mti. Inalala ndani ya udongo ikingoja mvua irudi. Tukazungushia mawe mahali pale.

Mwisho wa muhula wakaja: direktrisi mbele, wazazi nyuma, kaku wangu kati yao akiwa amevaa kikwembe cha misa. Wakaona duara la mawe na udongo.

"Iko wapi?" direktrisi akauliza.

"Mu bulongo, Mama Direktrisi. Mvua ikirudia, itatoka."

"Hata minye niko na motokari mu bulongo!" fundi wa umeme akasema, na kaku alicheka kuliko wote.

Sisi watoto tukaanza kueleza kwa fujo: namna vilivyokula, vilivyovua ngozi, vilivyoshuka. Tulieleza yote, lakini kwa Kiswahili chetu, na direktrisi alikuwa anangoja Kifaransa. Mwishowe akaonyesha kwa kidole. "Fukua, tuone."

Madamu alitazama pale chini, akatutazama na sisi. Angeshika kijiti tu akafukua, angeiokoa kazi yake.

"Nikifukua, itakufa," akasema. Hakufukua.

Basi Madamu akatafuta shule nyingine: alihamia Panda, wengine wakasema Kolwezi. Sikumwona tena. Wakati wa kiangazi baba zetu walijitolea, wakaleta mchanga na saruji, wakasakifu uani wote ili tusichafuke tena. Fundi wa umeme alikuwa wa kwanza kushika mwiko, akipiga mluzi. Hapo ndipo ninaposhindwa hata leo, mimi niliyepata diploma yangu ukubwani, kwenye masomo ya jioni: natafuta mtu wa kumkasirikia, simpati. Walitupenda wote. Kaku amekufa, msitu ule umekwisha kwa makala, yaani mkaa, na vinkubala vya sokoni siku hizi vinatoka mbali, vimekauka kama misumari. Mtoto anayevila hajui kama viliwahi kutembea.

Mvua ya kwanza ilipopiga, tulikuwa darasa la kwanza la msingi. Ilipokatika tukatolewa nje kupanga mstari. Binti wa reli alikwenda kwenye pembe ile ya vinkubala vyetu, akapiga saruji kwa kisigino, akainama, akaweka sikio. Mwalimu mpya akamwita. Akainuka, akajifuta maji shavuni, akaja kusimama mbele yangu, na tukaingia ndani.