Mpika chai anayenusa kwa pua ya mumewe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, duka likiwa bado limefungwa, mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi anainamia kopo la majani ya chai. Mikono ameifunga nyuma. Amekatazwa kugusa.

Anavuta pumzi, anafumba macho, anakunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani wa zamani. Mkewe amesimama mbele yake na kijiko mkononi. Haliangalii kopo. Anamwangalia mumewe usoni.

"Haya, sema."

"Subiri, mama. Pua haikimbizwi."

Anavuta tena, kisha anatoa hukumu. Kopo liko salama. Linanukia kama kabati la mbao lililowahi kuwekwa matunda makavu. Mkewe anaitikia kwa kichwa, analifunika, na kufungua jingine.

Wateja humwita Bi Mvuke. Ana miaka hamsini na minne, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia kupika chai katika duka hili lenye pande mbili. Upande wa barabarani kuna dirisha ambapo chai ya maziwa huuzwa kwa wapakuzi wa mizigo, wauguzi wanaotoka zamu na yeyote anayepita. Upande wa ndani kuna chumba cha meza sita na rafu ya makopo. Humo watu hulipia kikombe kimoja cha chai adimu fedha ambazo zingenunua vikombe ishirini dirishani.

Chai hizo za ndani ni za namna nyingi. Ipo ya machipukizi meupe yanayochumwa siku chache tu kwa mwaka. Ipo iliyokaushwa juu ya moshi wa kuni. Ipo ya milima ya juu, ambayo kopo lake moja ni sawa na mshahara wa Bi Mvuke wa mwezi.

Pande zote mbili zinamtegemea yeye, na tangu mwaka juzi Bi Mvuke hasikii harufu ya kitu chochote.

Ilianza na homa. Alilala juma zima, akapona, akashukuru, akaenda kuoga. "Nilijipaka sabuni nikaona kama najisugua na jiwe," anasema. "Nikanusa taulo, nikanusa nguo, nikanusa kwapa langu mwenyewe. Kimya."

Alimwambia mumewe peke yake. Mumewe ni fundi viatu, na kibanda chake kiko mkabala na duka. Kazini alinyamaza, akitumaini kwamba siku mbili tatu zingeimaliza shida hiyo.

Dirishani alijifunza kutumia sikio. Maziwa yakikaribia kuchemka sauti yake hubadilika, na hadi leo huinamisha kichwa juu ya sufuria kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Lakini asubuhi moja aligeuka kumrudishia mteja chenji, na maziwa yakashika chini. Mpakuzi mmoja akaonja, akamuuliza kwa upole kama majani yamekwisha siku hizi wanapika mkaa. Foleni nzima ikacheka. Na yeye akacheka, akamwaga sufuria yote.

Ndani hakukuwa na sauti ya kumsaidia. Majani ya chai huvuta harufu ya kila kinachokaa karibu nayo, na mpika chai mwenye pua asingeweka kamwe miche ya sabuni katika kabati moja na makopo. Yeye aliiweka, kwa sababu kwake sabuni na jiwe vilikuwa kitu kimoja.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye huja kila Jumamosi kunywa chai ya machipukizi meupe, alipiga funda moja, akakirudisha kikombe kwenye kisahani. "Mama," akasema, "hii chai imefuliwa."

Kopo zima likatupwa. Jioni hiyo alimweleza mwenye duka ukweli wote.

Mwenye duka ni kijana aliyerithi biashara kutoka kwa mjomba wake, na Bi Mvuke alimjua tangu alipokuwa akija hapo na sare ya shule. Hakumfokea. Alimwomba abaki dirishani tu, akasema chumba cha ndani angekitafutia mtu mwingine. "Nakuheshimu, mama," alimwambia, "lakini wateja wa ndani wanalipia harufu."

Neno hilo lilimuuma. Si kwamba analidharau dirisha. Chai ya maziwa, anasema, ndiyo iliyomshika mkono katika miezi hiyo, kwa kuwa hata pua ikifa, utamu upo, uzito wa maziwa upo, moto upo. "Ya dirishani ilinibakia nusu. Ya ndani ilinikimbia yote. Nilikuwa nakunywa mshahara wangu, naona maji ya moto."

Lakini chumba cha ndani ndicho alichokisomea. Alipoanza kazi alikuwa mfagiaji, na mjomba yule alimfundisha chai moja baada ya nyingine, miaka na miaka, mpaka akamkabidhi ufunguo wa kabati. Kuurudisha ufunguo ule, anasema, ilikuwa kama kurudishwa darasa la kwanza na nywele zake nyeupe.

Akaomba ajaribiwe. Alikuwa amegundua kwamba ulimi una mambo yake yasiyoitegemea pua: ukakasi, wepesi, utelezi, namna chai inavyokaa au kuondoka mdomoni. Mwenye duka akakubali. Akapika chai tatu, akazimimina katika vikombe vyeusi ili rangi isimsaidie, akaviweka mezani.

Cha kwanza Bi Mvuke alikitambua mara moja. Kilikuwa chepesi na chenye utelezi, ile ile ya machipukizi meupe. Kisha akaonja cha pili na cha tatu, akarudia, akarudia tena. Vyote viwili vilikuwa na uzito mmoja na ukakasi mmoja. Alijua kwamba kimoja ni chai ya moshi na kingine ni ya milimani, na hakujua kipi ni kipi.

"Ningeweza kubahatisha," anasema. "Nikakataa. Kubahatisha ndiko kulikoniletea ile sabuni."

Wakati huo fundi viatu alikuwa dirishani akisubiri kikombe chake cha kila siku, maziwa mengi na sukari ya kusimamisha kijiko. Chai za ndani aliziita maji ya kusuuzia birika. Mkewe akamwita aingie anuse vikombe hivyo viwili.

"Ninuse?" akauliza. "Mimi nimekuja kunywa."

Alikinusa kimoja kwa mashaka. Akasema kinanuka kiatu cha ngozi kilicholowa, kikaanikwa karibu na moto wa kuni. Kingine akasema ni kabati la mbao lililowekwa matunda makavu. Kabla hajamaliza, mkewe alikuwa amekwisha taja chai zote mbili. Mwenye duka alitazama alama chini ya vikombe, akakaa kitini.

Hakukubali papo hapo. Alisema hakuna duka lenye mpika chai wa watu wawili, tena pua yenyewe ya fundi, imeshiba gundi na rangi ya viatu. Fundi akajibu kwamba asubuhi, kabla hajafungua kopo la gundi, pua yake haina doa, na kwamba si ya bure.

Ndiyo sababu huja alfajiri, ameoga, bila hata kupita kibandani. Hunusa kila kopo lililo wazi na kila chupa ya maziwa, akasema anachosikia kwa maneno yake ya kazi. Mkewe huyageuza maneno hayo kuwa chai. Malipo yake ni posho ndogo na kifungua kinywa. Mpango huo ni wa kujaribu tu. Mwenye duka amesema mwisho wa mwaka, kama pua ya mama haijarudi, ataajiri mtu wa chumba cha ndani.

Wateja wa ndani wameupenda mpango huo kuliko mwenye duka alivyotarajia. Mwalimu mstaafu siku hizi huuliza fundi amesema nini leo. Kuna wanaoagiza "ile ya kiatu kilichoanikwa" na kukaa nayo kimya, pua juu ya kikombe, kutafuta kama ni kweli.

Fundi mwenyewe hushikilia kwamba chai ni ile ya dirishani. Hata hivyo ameonekana, zaidi ya mara moja, akimaliza kikombe cha ile ya milimani. Anasema huimaliza tu isimwagwe.

"Siku mke wangu akipona, mimi nimefukuzwa kazi," anasema, akivuka barabara kwenda kufungua kibanda. "Na nitawanunulia wote chai siku hiyo."

Daktari hakumpa Bi Mvuke ahadi. Alimwambia pua huweza kurudi polepole, au isirudi, na kwamba aifundishe kama anayejifunza kusoma upya. Kwa hiyo ana vichupa vinne chini ya meza: karafuu, ganda la limau, kahawa, na majani ya kawaida ya dirishani. Kila asubuhi na jioni huvinusa.

Mumewe akiwa ng'ambo ya barabara, Bi Mvuke anakitoa kile cha majani ya dirishani.

"Juzi nilipokifungua, kitu kilipita," anasema kwa sauti ya chini. "Si chai. Ni kama boksi lililolowa. Nikafunika, nikafunua, kikapita tena. Na leo pia."

Hajamwambia mtu. Kwa nini asimwambie hata mumewe?

"Kikipotea tutaumia wawili. Acha kwanza kiwe chai."

Anapoulizwa kama jambo hilo liandikwe gazetini, anafikiri, kisha anatabasamu.

"Andika tu, mzee wangu. Mume wangu gazeti halisomi siku linapotoka. Magazeti huyarundika kibandani, akayakunja, akayajaza ndani ya viatu visipoteze umbo. Hili atalifikia baada ya mwezi au miwili, akiwa na kiatu cha mtu mapajani. Mpaka hapo nitakuwa nimeshajua."